Mlango Wazi na Mzani wa Tumbaku: Songea katika Siasa za Biashara za Uingereza, 1919–1939

Mwaka 1936 reli ya kutoka Guangzhou hadi Hankou ilikamilika baada ya kukwama kwa zaidi ya miaka thelathini. Sehemu ya vifaa vya kipande chake cha mwisho ililipiwa kwa fedha ambazo China ilikuwa ikiilipa Uingereza kama fidia ya uasi wa Boxer wa mwaka 1900. London ilikubali kuzirudisha fedha hizo kwa matumizi ya China, lakini kwa sharti kwamba sehemu kubwa yake inunue bidhaa za viwanda vya Uingereza. Mwaka huohuo, kusini mwa Tanganyika, vyama vya wakulima wa Ungoni na Umatengo viliunganishwa kuwa chama kikuu kimoja wilayani Songea, ambacho kilikuja kujulikana kwa jina la NGOMAT. Chama hicho hakikupata reli. Kilipata mizani, maghala, mhasibu, na barabara ya vumbi ambayo kila masika iligeuka tope.

Kuyaweka mambo haya mawili pamoja kunaweza kuonekana ni kulazimisha ulinganisho. China ilikuwa dola yenye mamia ya mamilioni ya watu. Songea ilikuwa wilaya moja ya nchi iliyokabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa. Hata hivyo, tatizo la London kati ya vita viwili vya dunia lilikuwa lilelile kote: viwanda vya Lancashire vilikuwa vinapoteza wateja, hazina ilikuwa tupu, na haki za upendeleo za karne ya 19 hazikutosha tena kuleta biashara. Hoja yangu ni kwamba Uingereza iliboresha mahusiano ya biashara pale tu ilipobanwa hadi ikaachia kitu. China iliibana yenyewe, kwa migomo na kwa kususia bidhaa. Songea haikuwa na nguvu hiyo. Nafuu pekee ya maana aliyoipata mnunuzi wa Songea miaka hiyo ilitokana na mkataba wa kimataifa ambao wafanyabiashara wa Manchester walitamani kuuona umefutwa.

Tuanze na China, kwa kifupi. Tarehe 30 Mei 1925 polisi wa eneo la kimataifa la Shanghai, chini ya maofisa wa Kiingereza, waliwafyatulia risasi waandamanaji. Yaliyofuata yaliiumiza Uingereza mfukoni kuliko vita: mgomo na ususiaji wa Guangzhou na Hong Kong ulidumu miezi kumi na sita, meli zikakosa mizigo na maduka yakakosa wateja. Desemba 1926, Austen Chamberlain akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Uingereza ilitoa waraka uliokiri kwamba mikataba ya zamani ilihitaji kurekebishwa. Miezi michache baadaye ilirudisha maeneo yake ya upendeleo ya Hankou na Jiujiang. Desemba 1928 ilitambua haki ya China kujipangia ushuru wa forodha, haki ambayo China ilinyimwa tangu enzi za Vita vya Kasumba, ushuru ulipofungiwa kwenye kiwango cha asilimia 5. Weihaiwei ilirudishwa mwaka 1930.

Baada ya hapo ndipo zikaja juhudi ambazo vitabu huzisifu zaidi. Ujumbe wa kiuchumi ulioongozwa na Sir Ernest Thompson ulizunguka Mashariki ya Mbali mwaka 1930 na 1931 kutafuta kwa nini nguo za Lancashire hazinunuliwi. Mwaka 1935 alipelekwa Sir Frederick Leith-Ross, mshauri mkuu wa uchumi wa serikali, wakati fedha ya madini ya China ilipokuwa inakimbilia nje kwa sababu Marekani ilikuwa inainunua kwa bei ya juu. Tarehe 4 Novemba mwaka huo China iliachana na sarafu ya fedha na kuanzisha noti mpya, na benki za Kiingereza zikaamriwa na serikali yao kushirikiana na mpango huo. Mtu anaweza kubishana kama Leith-Ross ndiye aliyeutengeneza mpango au aliukuta mezani kwa Wachina wenyewe. Mimi naelekea upande wa pili. Lililo wazi ni kwamba ujumbe wa aina hiyo haukuwa na pa kukanyagia kabla ya Hankou na kabla ya ushuru kurudishwa. Adabu ya biashara ilikuja baada ya kugomewa. Kisha Julai 1937 Japani ikaivamia China, na mengi ya hayo yakazikwa vitani.

Kutoka hapo hadi Songea ni safari ndefu, ila wakubwa waliokuwa wakiamua mambo walikaa mitaa ileile ya London.

Songea ya mwaka 1919 ilikuwa nchi iliyopigwa mara tatu. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1897. Katika Vita vya Majimaji waliwanyonga viongozi wa Wangoni, Nduna Songea Mbano miongoni mwao, mwezi Februari 1906, kisha wakachoma mashamba na maghala hadi njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Vita Kuu vilipofika, majeshi yalipita kusini hii kwenda na kurudi. Hata Oktoba 1918, mwezi mmoja tu kabla ya kusalimu amri, jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa linapita karibu na Songea likielekea Njombe. Wapagazi, chakula na ng'ombe vilitoka kwa watu haohao. Mafua makali ya mwaka huo yakamalizia.

Serikali mpya ilipoanza kutoza kodi ya nyumba na kichwa, ilikuta watu wasio na cha kuuza. Mahindi, ulezi na maharage yalikuwapo, lakini hakuna aliyeweza kubeba gunia la mahindi karibu kilomita 600 hadi Lindi na bado akabaki na faida. Reli ya Kati ilikuwa mbali vilevile, kaskazini mwa nyanda za Iringa. Kilichoweza kwenda mbali kwa gharama ndogo kilikuwa ni mwili wa kijana. Alitembea kwa miguu yake, akala alichofungiwa na mama yake, akafika kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Morogoro au Tanga, akapewa namba na kadi ya siku thelathini, akawa manamba. Kwa lugha ya mizania ya biashara, huyo ndiye aliyekuwa bidhaa ya kwanza ya Songea kupelekwa nje ya wilaya, na mshahara wake ndio uliorudi kama kodi.

Wasomi wamelieleza jambo hili kwa njia mbili. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya uhamaji wa vibarua wa Wangoni na Wandendeuli, na uzito wa maelezo yake uko kwenye umbali na ukosefu wa njia nyingine ya kupata fedha nyumbani. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, aliiweka nchi nzima kwenye picha moja: mikoa ya mazao ya biashara, mikoa inayoilisha ile ya kwanza, na pembezoni mikoa inayotoa vibarua. Baadhi ya waliofuata nyayo zake walikwenda mbali zaidi, wakaona kila kilichofanyika Songea kama mpango uliokusudiwa wa kuifanya ghala la vibarua.

Maelezo ya umbali hayatoshi, kwa sababu umbali haukuumbwa na Mungu peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mwendo wa siku chache kutoka Mbamba Bay, Uingereza ilihangaikia sana njia ya kutokea. Daraja la Zambezi, refu kuliko kilomita tatu na nusu, lilifunguliwa mwaka 1935 na kuiunganisha Nyasaland na bandari ya Beira bila kuvuka mto kwa pantoni. Lilisaidiwa na mfuko ulioanzishwa na Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya mwaka 1929, na mfuko huo ulikuwa na tabia ileile ya fedha za fidia ya China: lengo lake la wazi lilikuwa kupunguza ukosefu wa kazi Uingereza kwa kuagiza vyuma na mashine kutoka huko. Kiwango cha juu kwa dola nzima kilikuwa pauni milioni 1 kwa mwaka. Fidia ya China iliyosalia ilikuwa takribani pauni milioni 11, kwa nchi moja. Kwa hiyo fedha za njia zilikuwapo, zikapelekwa mahali ambapo viwanda vya Uingereza vilitarajia oda kubwa, au ambapo wenye hisa za reli walikuwa na masikio ya kuwasikiliza London. Songea haikuwa na lolote kati ya hayo.

Maelezo ya ghala la vibarua nayo yanakwama mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza, bei ya mkonge iliporomoka hadi chini ya nusu ya ilivyokuwa, mashamba yakapunguza watu na mishahara, na vijana wa Songea wakarudi bila kitu. Kodi ikakosekana. Mwaka 1932 London ilimtuma Sir Sydney Armitage-Smith kuchunguza fedha za Tanganyika, na ushauri wake ulikuwa kubana matumizi kila mahali. Serikali ikaanzisha kampeni ya kuwataka watu walime mazao zaidi. Kama Songea ingekuwa imepangiwa vibarua tu na si kingine, huo ungekuwa wakati wa kuiacha isubiri mkonge upande bei. Badala yake ndio wakati tumbaku iliposukumwa kwa nguvu Ungoni, na kahawa ikazidi kupandwa kwenye vilima vya Umatengo, pembeni ya mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo walikuwa wakilimia muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kupita. Sera ilifuata kodi: ilipopatikana kwa manamba, manamba, ilipokatika, tumbaku.

Tumbaku ya Songea ilikuwa ile ya kukaushwa kwa moshi, na mtu aliyeona bani likifanya kazi ataelewa kwa nini zao hili lilikubalika upesi kwa serikali na kwa shida kwa mkulima. Miche huoteshwa kitaluni na kumwagiliwa kila siku kabla ya mvua, huhamishiwa shambani mvua zikitulia, kisha majani huvunwa moja moja yakikomaa kuanzia chini. Yanatungwa kwenye fito na kutundikwa ndani ya bani, banda refu la udongo na nyasi. Kwanza huachwa yageuke manjano. Halafu moto mdogo wa magogo huwashwa sakafuni, usiowaka kwa ndimi, wa moshi, na mwenye shamba hulala hapo siku baada ya siku akiulinda: ukizidi, majani yanaungua au bani lote linateketea, ukipungua, yanaota ukungu. Yakishakauka hulainishwa kwa unyevu wa usiku ili yasivunjike, huchambuliwa kwa rangi, urefu na madoa, hufungwa, ndipo yapelekwe kwenye mzani. Kazi yote hiyo ya miezi inaishia mbele ya mtu mmoja anayelishika jani, analinusa, na kutaja daraja. Kilo moja ya jani zuri ilivumilia nauli ya lori hadi pwani, jambo ambalo kilo ya mahindi haikuliweza. Hiyo ndiyo sababu ya tumbaku kuchaguliwa, na ndiyo sababu ya mkulima kuwa na jicho kali sana kwa mtu wa mzani.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 ilitoa umbo. Wachaga walikuwa wa kwanza kunufaika nayo kwa chama chao kikuu cha KNCU mwaka 1933, lakini huko Kilimanjaro ushirika ulikuwa na mizizi ya wakulima wenyewe waliokuwa wamejipanga tangu miaka ya 1920. Songea mkono wa boma ulitangulia. Maofisa wa kilimo, mkuu wa wilaya na watemi waliotambuliwa na utawala ndio walioandaa vyama, na sheria iliruhusu kuwalazimisha hata wasio wanachama kuuza kupitia chama kilichosajiliwa. Ulazima kama huo ndio uliozua ghasia kwenye maghala ya kahawa ya KNCU mwaka 1937. Mwanahistoria anayetaka kuikataa NGOMAT kama chombo cha kikoloni ana ushahidi wa kutosha. Mimi nakubali nusu ya kesi yake.

Nusu nyingine inaonekana tukitazama tena China, safari hii si wizarani bali shambani. Kampuni ya British American Tobacco, ambayo hadi leo ni jina kubwa la sigara Afrika Mashariki, ilianza kuwalimisha wakulima wa Shandong tumbaku ya Kimarekani katika miaka ya 1910. Iliwapa mbegu, ikawakopesha makaa ya mawe na mabomba ya kukaushia, na ikajenga vituo vya kununulia karibu na stesheni za reli ya Qingdao hadi Jinan, eneo la Weixian likiwa kitovu. Wanauchumi wa biashara hutoa mfano huu kuonyesha jinsi mtaji wa Uingereza ulivyowafikia wakulima wadogo. Lakini mwaka 1939 Chen Hansheng alichapisha uchunguzi wake juu ya wakulima hao, na picha yake ni nyingine: mnunuzi mmoja, daraja linalotajwa na mnunuzi huyohuyo, na mkulima anayelipa deni la makaa kwa jani lake mwenyewe. Reli ilikuwapo, mtaji ulikuwapo, soko la sigara la mamilioni lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa mkulima kwenye mzani.

NGOMAT, pamoja na ukoloni wake wote, ilimweka mtu huyo. Aliajiriwa na chama, si na mnunuzi. Tumbaku ilikusanywa, ikachambuliwa na kuuzwa kwa jumla, na ziada ikarudi kwa malipo ya pili au ikabaki kwenye mfuko wa chama, ambao ndio uliozoesha watu wa Ungoni na Umatengo kuitazama hesabu ya fedha kama jambo lao la kuhoji. Haikuwa demokrasia. Ilikuwa ni pengo dogo kati ya mkulima na mnunuzi, na mapengo kama hayo yana thamani kuliko wakosoaji wake wanavyoyahesabu. Serikali ilikiunda chama ili kodi ipatikane. Kukipa uwezo wa kubishana na mnunuzi halikuwa kusudi lake kuu, na bado uwezo huo ulibaki.

Nimesema kwamba nafuu kubwa ilitoka kwenye mkataba. Hapa inabidi tuache jani tushike nguo.

Kijana aliyerudi Songea na shilingi zake za mkonge, na baadaye mkulima aliyelipwa tumbaku, walikwenda duka lilelile: la Mhindi, lenye baraza, robota la amerikani, kaniki, doti za khanga, chumvi, jembe na mafuta ya taa. Hadi mwisho wa miaka ya 1920 ushindani mkubwa juu ya meza hiyo ulikuwa kati ya nguo za Lancashire, za India na za Ulaya bara. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za moja kwa moja kutoka Japani hadi Afrika Mashariki. Desemba 1931 Japani iliachana na kiwango cha dhahabu, yeni ikashuka thamani, na nguo za Osaka zikawa rahisi ghafla. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vitambaa vya Kijapani vilikuwa vimeshika soko la Tanganyika. Kwa aliyelipwa senti kadhaa tu kwa ratili ya jani, tofauti ya bei ya amerikani iliamua kama mke na watoto watavaa mwaka huo au la.

Ni Osaka hiyohiyo iliyokuwa imewaondoa Lancashire katika soko la China, pamoja na viwanda vya Wachina wenyewe na vya Wajapani vilivyojengwa Shanghai. Manchester ilikuwa inakimbia kutoka soko moja hadi jingine na kukuta mpinzani yuleyule ameshafungua duka. Jibu la serikali lilikuwa kufunga milango ya dola. Kwenye mkutano wa Ottawa mwaka 1932 ilikubaliwa kwamba nchi za dola zipendeleane. Mei 1934 Walter Runciman, waziri wa biashara, alitangaza kwamba makoloni yatawekewa mgawo wa nguo za Kijapani. Koloni baada ya koloni ilifuata.

Tanganyika haikufuata, wala Kenya, Uganda na Zanzibar. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na mkutano wa Berlin wa 1884–1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, ilikataza kubagua bidhaa za nchi zilizotia saini katika ukanda huu wa Afrika, na Japani ilikuwa mojawapo ya hizo. Kwa Tanganyika palikuwa na kufuli la pili: masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa yalidai usawa wa kibiashara kwa wanachama wote wa Shirikisho. Japani ilipotangaza kujitoa katika Shirikisho mwaka 1933 kufuli hilo lililegea, lakini la Saint-Germain lilibaki. Wafanyabiashara wa Lancashire walilalamika na kutaka mkataba uvunjwe. Haukuvunjwa, maana kuuvunja kungefungua maswali mengine ambayo London haikutaka kuulizwa, hasa miaka ambayo Ujerumani ilikuwa inadai irudishiwe makoloni yake, Tanganyika ikiwa ya kwanza kwenye orodha.

Kwa hiyo mnunuzi wa Songea alivaa nguo rahisi bila kumshukuru gavana. Ni jambo la kuchekesha kidogo: Mkutano wa Berlin, ambao tunaufundisha shuleni kama karamu ya kuigawa Afrika, uliacha kifungu kimoja ambacho nusu karne baadaye kilimzuia mgawaji mkubwa kumtoza mwanamke wa Namtumbo bei ya juu kwa faida ya kiwanda cha Manchester.

Lakini hapa ndipo China na Tanganyika zinapoachana. China iliporudishiwa ushuru wake mwaka 1928, ilipata mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa kukataa kubaguliwa na uwezo wa kulinda viwanda vyake. Serikali ya Nanjing ilipandisha ushuru mara kadhaa, na viwanda vya nguo vya Shanghai, Tianjin na Wuxi vilipata nafasi ya kupumua. Tanganyika ilipata la kwanza bila la pili. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mwenye nyumba hakuruhusiwa kuufunga, si kwa sababu aliamua kuuacha wazi. Pamba ya Usukuma ilisafirishwa ghafi na kurudi kama kitambaa, na hakuna aliyeona haja ya kinu kikubwa cha nguo nchini. Kinu cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, nchi ikiwa huru, na waliokijenga walikuwa Wachina.

Sitaki kulifanya hili liwe la kishujaa kuliko lilivyo. Nchi inayolima tumbaku kilomita 600 kutoka pwani isingejenga viwanda kwa sababu tu ya kupewa haki ya ushuru. Ila wachumi wa maendeleo wanaoandika kwamba soko huria la miaka ya 1930 lilimsaidia Mwafrika wangefaa waandike pia ni nani aliyeamua liwe huria, na kwa manufaa ya nani lingefungwa kama uamuzi ungekuwa wa London peke yake.

Swali la njia lilisubiri muda mrefu. Mpango wa karanga wa baada ya vita ulileta reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ikang'olewa miaka ya 1960 kabla haijafika karibu na mkoa wa Ruvuma, ulipo Songea. Uingereza na Benki ya Dunia zilipokataa kugharamia reli ya kwenda Zambia, China ilikubali. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Inapita Makambako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za msaada wa Uingereza, ikajengwa barabara ya lami kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea. Yaani kazi ambayo utawala wa Kiingereza haukuifanya katika zaidi ya miaka arobaini ya kuitawala Tanganyika, serikali ya Kiingereza iliifanya kama msaada miaka ishirini baada ya kuondoka, na barabara yake ikaishia kwenye stesheni ya Wachina. Upande wa mashariki, kupitia Namtumbo na Tunduru, lami ilikamilika katika muongo wa 2010, na malori yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka kwenda bandari ya Mtwara sasa yanapita njia ambayo manamba walitembea.

NGOMAT ilivunjwa pamoja na vyama vikuu vyote mwaka 1976, ushirika ulipofutwa kwa amri ya serikali. Ushirika ulirudishwa miaka ya 1980, na baadaye Songea na Namtumbo zilipata chama kikuu kipya, SONAMCU, na vyama vya msingi, AMCOS, vikaanza tena kupokea mazao. Mnada wa stakabadhi ghalani unaofanyika leo kwa ufuta, mbaazi na soya umechukua sehemu ya kazi ya yule mtu wa mzani: wanunuzi wanashindana kwa bei, bei zinatangazwa mbele ya wakulima, na wakulima wana haki ya kukataa. Nimesoma malalamiko mengi juu ya mfumo huu, mengine ya kweli, hasa kuchelewa kwa malipo. Hata hivyo wanaotaka uondolewe, mnunuzi arudi kununua shambani moja kwa moja, wanapendekeza utaratibu ambao Weixian waliuishi.

Oktoba 2020 Tanzania iliruhusiwa kuuza soya China, na Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilima kwa wingi. Hapo mambo yamegeuka: zamani Uingereza ndiyo iliyokuwa inabisha hodi China, sasa sisi ndio tunaobisha, na China ndiyo yenye soko, yenye viwango na yenye orodha. Wanaotaka kuuza husajiliwa na forodha ya China baada ya kupitishwa na mamlaka za kwetu za afya ya mimea. Orodha ya namna hiyo huelekea kujaa kampuni za Dar es Salaam zinazonunua gunia shambani na kuliuza kwa jina lao. Hakuna kinachozuia chama kikuu cha wakulima wa Songea kuwa msafirishaji aliyesajiliwa, isipokuwa mtaji, ghala lenye sifa, na mtu wa kushughulikia karatasi. Vitu ambavyo mwaka 1936 vilipatikana kwa sababu boma lilitaka kodi yake.